Chema Chajiuza? Msailiwa wa Mwambao Mbele ya Jopo la Chuo

Utangulizi

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," walisema wahenga wa mwambao. Methali hii imekuwa kanuni ya malezi kwa vizazi vingi. Mtoto anayelelewa Kibokoni, Majengo au Likoni hufunzwa mapema kwamba sifa za mtu husemwa na wenzake, na kwamba anayejitangaza mwenyewe huenda ana upungufu anaouficha. Akipongezwa kwa kufaulu mtihani, hujibu "Alhamdulillahi" kisha hunyamaza. Akiulizwa jambo na mkubwa wake, hujibu kwa maneno machache huku macho ameyainamisha. Mwenendo huu ndio uitwao adabu, na asiyekuwa nao huhesabiwa kuwa hakulelewa akaleleka.

Hata hivyo, hufika siku ambapo kijana huyo huitwa mbele ya watu watatu au wanne asiowajua. Huketishwa upande wa pili wa meza na kuambiwa, "Hebu tueleze habari zako." Agizo hilo ni fupi, lakini linamtaka afanye jambo ambalo malezi yake yote yamemkataza: ajinadi. Kwa jibu lake huenda akapata nafasi ya masomo au ufadhili wa miaka kadhaa. Kwa kimya chake huenda akaikosa nafasi hiyo ilhali aliistahili.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo msailiwa anapaswa kuyatarajia katika mahojiano ya kuingia chuoni, na yanamwangazia hasa msailiwa wa Mombasa. Hoja kuu ni kwamba usaili ni tukio la lugha lenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo zinaweza kufunzwa bila ya kumvua kijana adabu aliyolelewa nayo. Jambo hili linawahusu kwa karibu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwa sababu matumizi ya lugha katika muktadha ni sehemu ya taaluma yao.

Maana ya usaili na wanaokabiliwa nao

Kiswahili kina maneno mawili yanayotumika sana kulitaja tukio hili. Neno "usaili," lililozoeleka zaidi Tanzania, linatokana na kitenzi "saili," chenye asili ya Kiarabu na maana ya kuuliza. Katika umbo lake pana msaili anayeuliza na msailiwa anayeulizwa. Mmoja ni mtenda na mwingine ni mtendwa. Neno "mahojiano," lililozoeleka zaidi Kenya, linatokana na "hoji," ambalo lina uhusiano na "hoja." Neno hili limebeba kiambishi -an- cha kutendana. Kwa mujibu wa mofolojia yake, basi, mahojiano ni kupeana hoja baina ya pande mbili.

Tofauti hii ndogo ina maana kubwa chumbani. Msailiwa anayeingia akiamini kwamba ameitwa asailiwe tu huketi kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Anayeingia akijua kwamba ameitwa kuhojiana huwa tayari kujibu, kufafanua, kukubali alipokosea na, mwishoni, kuuliza yeye pia.

Ni vyema kubainisha ni nani hasa hukabiliwa na tukio hili. Nchini Kenya, wengi wanaojiunga na shahada ya kwanza hawakutani na jopo lolote. Tangu zama za Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB) hadi zama za KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, nafasi hugawanywa kwa kuzingatia alama za mtihani wa KCSE, alama za masomo yanayohitajika na kozi, machaguo ya mwanafunzi na nafasi zilizopo. Mwanafunzi anayepangiwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani kwa njia hiyo hupata barua yake bila ya kuulizwa neno.

Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba usaili hauwahusu, hadi siku unapowakuta bila ya matayarisho. Ufadhili wa masomo aghalabu hutolewa baada ya usaili. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge nchini Uingereza huwahoji waombaji wa shahada ya kwanza walioteuliwa katika mchujo wa awali. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1983, huwahoji waombaji wa uzamili. Idara nyingi huwahoji wanaotaka kuandika tasnifu za uzamifu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mfano wa karibu zaidi ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, maarufu kama FLTA. Mpango huo umewapeleka vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, huku wao wenyewe wakichukua kozi huko. Aliyetaka kwenda kwa njia hiyo alilazimika kwanza kukieleza Kiswahili, na kujieleza yeye mwenyewe, mbele ya watu.

Kutoka Feri hadi mezani

Achukuliwe kwa mfano binti wa kubuni, mkaazi wa Likoni, aliyeitwa kwenye usaili kisiwani saa tatu asubuhi. Mapema anateremka Feri pamoja na umati wa wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi. Abiria wa miguu hawalipi nauli, kwa hiyo umati huwa mkubwa, na magari hupanga foleni yake pembeni. Mkondo wenyewe si mpana. Hata hivyo, muda wa kuvuka hutegemea idadi ya vyombo vinavyofanya kazi siku hiyo, na pengine meli kubwa inayoingia bandari ya Kilindini hulazimika kupishwa. Hili ni jambo la kwanza la kutarajia: jopo halitaiona foleni ya Feri, litakachokiona ni kiti kitupu. Mwenye busara huvuka mapema, akapumzika chini ya mibuyu ya Mama Ngina, kuliko kuingia chumbani akihema.

Akiwa kivukoni, binti huyu hana shida yoyote ya usemi. Anamwamkia shangazi wa jirani kwa "shikamoo." Anamwelekeza mgeni anayeitafuta matatu ya Posta. Anabishana na muuza mihogo juu ya bei hadi anaongezewa kipande. Anamtania shoga yake aliyechelewa, kisha anamweleza kwa kirefu sababu zilizomfanya achague kusomea ualimu badala ya biashara. Katika muda wa nusu saa ameheshimu, ameelekeza, ameshawishi, ametania na ametetea uamuzi wake. Stadi hizo ndizo ambazo jopo litazitafuta.

Baadaye asubuhi hiyo, mbele ya meza, binti huyohuyo anasema, "Ninatoka Likoni. Nimemaliza kidato cha nne," kisha ananyamaza. Wanajopo wanatazamana. Lugha haikumtoka alipokuwa njiani. Kilichobadilika ni muktadha na, pamoja na muktadha huo, imani yake juu ya nani ana haki ya kusema, kwa kiasi gani, na kuhusu nini.

Kwa nini ulimi hufungwa

Sababu ya kwanza ni adabu yenyewe. Utamaduni wa Waswahili umeipa adabu ya usemi uzito mkubwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kwa ajili ya bintiye, umedumu kusomwa kama wasia wa mwenendo mwema, na namna ya kusema na watu ni sehemu ya wasia huo. Kijana aliyefunzwa kwamba mbele ya wakubwa hutangulizwa masikio kabla ya ulimi hafanyi kosa anapojibu kwa ufupi. Anatii sheria anayoijua.

Sababu ya pili inatokana na shule. Ni jambo la ajabu kwamba mwanafunzi wa Kenya hulijua neno "mahojiano" vizuri sana, lakini kwa maandishi. Mahojiano ni mojawapo ya tungo za kiuamilifu zinazoweza kutahiniwa katika karatasi ya Insha, na mwanafunzi huelewa kwamba jina la msemaji huandikwa kushoto na kufuatiwa na nukta mbili. Katika fasihi simulizi, hufunzwa kwamba mahojiano ni mbinu ya kukusanya data nyanjani. Hata hivyo karatasi zote tatu za Kiswahili katika KCSE, yaani Insha, Lugha na Fasihi, hufanywa kwa kalamu. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya A bila ya kuwahi kusikilizwa na mtahini hata dakika moja. Anapofika mbele ya jopo, mahojiano yake ya kwanza ya kusemwa huwa ndiyo yenye thamani kubwa zaidi maishani mwake.

Sababu ya tatu iko upande wa pili wa meza. Mwanafalsafa H. P. Grice, katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, alieleza kwamba wazungumzaji hushirikiana kwa kufuata kanuni fulani, mojawapo ikiwa ni kanuni ya kiasi: msemaji atoe taarifa kadiri inavyohitajika. Tatizo ni kwamba kiasi kinachohitajika hutofautiana baina ya jamii na jamii. Jibu la maneno manne ambalo bibi wa Mji wa Kale angelisifu kwa utulivu wake huonekana na mwanajopo kuwa dalili ya kutojua au kutotaka.

John Gumperz, katika kitabu chake Discourse Strategies cha 1982, alitoa mfano maarufu wa aina hii. Wanawake wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa wakipakua chakula katika mkahawa wa wafanyakazi wa uwanja mmoja wa ndege nchini Uingereza walionekana kuwa wajeuri. Uchunguzi ulionyesha kwamba walipowauliza wateja kama wanataka mchuzi, walilitamka neno hilo kwa kiimbo cha kushuka. Kwao hiyo ilikuwa namna ya kawaida ya kukaribisha. Kwa masikio ya Waingereza, waliotarajia kiimbo cha kupanda, ilisikika kama tamko lisilojali. Neno lilikuwa moja, na nia ilikuwa njema, lakini hukumu ilikwisha kupitishwa. Hivyo ndivyo macho yaliyoinamishwa kwa heshima yanavyoweza kusomwa na jopo kuwa macho ya mtu anayeficha jambo.

Maswali ya kutarajiwa

Majopo hutofautiana, lakini maswali yake hurudia mambo machache. Msailiwa anayeyajua huweza kujiandaa bila ya kukariri.

Swali la kwanza ni lile la kujieleza. Jopo tayari lina fomu yenye jina, umri na alama za msailiwa, kwa hiyo kuyarudia hayo ni kupoteza nafasi. Kinachotakiwa ni uzi unaoyaunganisha mambo hayo: ametoka wapi, jambo gani limemvutia, amelifanyia nini, na anataka kulipeleka wapi. Dakika mbili zinatosha.

Swali la pili huuliza sababu ya kuchagua somo au chuo. Jibu la "nakipenda Kiswahili" ni kweli, lakini halimtofautishi msailiwa na mwingine. Anayeweza kutaja kitabu, swali au tatizo lililomgusa husikilizwa zaidi. Kijana wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali. Sauti ya Dhiki, diwani ya Abdilatif Abdalla iliyochapishwa 1973, ilitungwa na mwana wa Mombasa akiwa kifungoni. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ilitoka 1971. Msailiwa anayeeleza kwa nini shairi moja la mji wake limemtatiza hadi leo ameonyesha fikra. Ikumbukwe kwamba akitaja kitabu ataulizwa juu yake, asitaje asichokisoma.

Aina ya tatu ni swali la papo kwa hapo. Katika majopo ya kitaaluma, kama yale ya Oxford, msailiwa huweza kupewa matini asiyowahi kuiona na kuombwa aijadili. Hapa jopo halisubiri jibu moja sahihi. Linataka kuona jinsi akili inavyotembea. Msailiwa aseme anachokiona kwanza, aeleze anapotatizika, na akielekezwa njia nyingine aifuate. Kusema "sijui, lakini kwa kuutazama urudiaji huu nadhani mshairi anasisitiza jambo hili" ni bora kuliko kimya, na ni bora zaidi kuliko ujuzi wa uongo.

Swali la nne huhusu lugha yenyewe, na humgusa sana mwana wa Mombasa anayeomba kusomea Kiswahili. Nyumbani kwao macho ni "mato," na njoo ni "ndoo." Barabara kongwe ya Mji wa Kale bado inaitwa Ndia Kuu, na jina hilo peke yake ni somo la fonolojia ya Kimvita. Lakini mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikasimamia usanifishaji huo. Msailiwa anaweza kujikuta akiambiwa, kwa upole au kwa mzaha, kwamba Kiswahili chake si sanifu. Asifedheheke, wala asighadhabike. Aonyeshe kwamba anakimudu Kiswahili sanifu pale kinapohitajika, kisha aeleze tofauti za lahaja yake kwa istilahi za isimu. Anayelifanya hivyo ameigeuza lawama kuwa mada, na ameonyesha ujuzi ambao wengi huupata darasani tu.

Swali la tano ni zito kwa wanaoomba ufadhili: hali ya nyumbani. Jamii ya mwambao huithamini sitara. Mtoto huelewa kwamba dhiki ya nyumba haitangazwi barazani, na kumtaja baba aliyepoteza kazi ni kama kumvua nguo. Kwa hiyo jopo linapouliza nani atalipa karo, kijana hujibu, "Mungu atasaidia," na jopo huandika kwamba familia inajiweza. Mficha maradhi, kifo humfichua. Hapa msailiwa atofautishe kulalama na kutoa taarifa. Halazimiki kulia wala kumdhalilisha mzazi. Aseme ni nani anayefanya kazi, kazi gani, watoto wangapi wanasoma, na karo ya shule ya upili ilipatikanaje. Maelezo ya namna hiyo hulinda heshima ya nyumba na vilevile hulipa jopo linachokihitaji.

Swali la sita huuliza juu ya kushindwa au udhaifu. Wengi hulijibu kwa ujanja, wakisema kwamba udhaifu wao ni kufanya kazi kupita kiasi. Majopo yamelisikia jibu hilo mara nyingi. Ni afadhali kutaja kosa la kweli lisilo la aibu kubwa, na kueleza lilivyorekebishwa.

Swali la mwisho ni "Je, una swali lolote?" Mwenye adabu ya Kipwani hujibu haraka, "La, nashukuru." Hapa ndipo kiambishi -an- cha mahojiano kinapodai haki yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Swali moja la dhati kuhusu kozi, maktaba au namna wanafunzi wanavyosimamiwa huonyesha kwamba msailiwa ameshajiona akiwa ndani ya chuo hicho. Lisiwe swali ambalo jibu lake limeandikwa katika tangazo la udahili.

Kujisifu na kujieleza

Limebaki tatizo la methali. Iwapo chema chajiuza, msailiwa atajielezaje bila ya kujitembeza?

Njia mojawapo imo katika sarufi. Sifa hubebwa na vivumishi. Matendo hubebwa na vitenzi. Msailiwa anayesema, "Mimi ni kiongozi hodari na mbunifu," amejitwika vivumishi ambavyo kwa kawaida hutolewa na wengine. Ndiyo maana mwenye adabu hushindwa kuvitamka, na akivitamka husikika kama mwigizaji. Lakini afikiriwe anayesema: "Nilipokuwa kidato cha tatu, chama chetu cha Kiswahili kilikuwa kimelala. Niliwaomba wazee wawili wa mtaani waje wasome mashairi yao shuleni. Mkutano wa kwanza walikuja wanafunzi tisa. Kufikia mwisho wa muhula tulihitaji chumba kikubwa zaidi." Maelezo hayo hayana kivumishi hata kimoja cha kumsifu msemaji. Yana wakati, mahali, tendo na matokeo. Jopo lenyewe ndilo litakaloongeza vivumishi. Hivyo methali imetimia: chema kimewekwa mezani, nacho kimejiuza.

Suala jingine ni nafsi. Waswahili hupenda "sisi" katika mambo ya mafanikio. "Tulishinda," "tulifaulu," husema hata yule aliyebeba kazi yote. Jopo nalo haliwezi kukidahili kikundi kizima. Suluhisho si kuwafuta wenzake. Aanze na "sisi," kisha aibainishe sehemu yake: "Tuliandaa mchezo, mimi niliandika onyesho la pili na kuwasimamia waigizaji." Wenzake wamebaki na haki yao, naye pia.

Aidha, isidhaniwe kwamba utamaduni wa Kiafrika haukuijua kabisa sanaa ya kujieleza kwa sifa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua majigambo, ambayo pia huitwa vivugo. Utanzu huo humruhusu mtu ajisifu hadharani mahali panapostahili, na kiini chake huwa ni matendo: vita alivyopigana, safari alizosafiri, mifugo aliyoiteka. Wala Mombasa yenyewe si mji wa watu wasiojua kujibizana. Muyaka bin Haji, mshairi wa karne ya 18 na 19, alipata umaarufu kwa tungo zake za kujibizana na washairi wa pande nyingine za mwambao. Kwa hiyo kusema mbele ya watu si jambo la kigeni. Kinachotakiwa ni kuutambua usaili kuwa mojawapo ya majukwaa ambayo usemi huo unaruhusiwa.

Mwili, mavazi na mtandao

Lugha ya mwili nayo huhitaji kupangwa. Msailiwa angoje kukaribishwa ndipo aketi. Amtazame anayeuliza, kisha awagawie wengine macho yake anapojibu. Heshima aiweke katika sauti na maneno. Binti au kijana ambaye kwa sababu za dini hapeani mkono na asiye maharimu wake anaweza kuweka mkono kifuani, akatabasamu na kusalimu kwa maneno yaliyo wazi. Likifanywa kwa uchangamfu, tendo hilo hueleweka kuwa salamu. Likifanywa kwa kusitasita, hudhaniwa kuwa ni kukataa. Mavazi yawe safi na ya heshima. Buibui au kanzu si kikwazo, na hakuna haja ya kuazima suti isiyokutosha mabega.

Tangu janga la korona la 2020, mahojiano mengi yamehamia mtandaoni. Yale ya Oxford yamekuwa yakifanywa hivyo kuanzia Desemba mwaka huo. Mabadiliko haya yamemwondolea msailiwa wa Mombasa gharama ya safari, lakini yamemletea matatizo mapya. Nyumba za Mji wa Kale zimesongamana, vichochoro vina kelele za pikipiki na wachuuzi, na umeme huweza kukatika. Msailiwa ajaribu mtambo siku moja kabla, saa ileile ya usaili, ili ajue adhana, kelele za mtaa na nguvu ya intaneti zitakavyokuwa. Atafute chumba cha maktaba au cha shule ikiwezekana. Sauti ikikatika aseme mara moja, "Samahani, sikusikia vizuri, naomba urudie," kuliko kubahatisha swali. Macho yaelekezwe kwenye kamera anapojibu, kwani kioo cha simu huzidisha tabia ya kutazama chini.

Wajibu wa walimu na wanajopo

Itakuwa dhuluma kumbebesha msailiwa peke yake mzigo huu wote. Wahadhiri na walimu wa Kiswahili wana nafasi mbili za kusaidia. Ya kwanza ni darasani. Insha ya mahojiano ikishasahihishwa, isemwe. Wanafunzi watatu wawe jopo, mmoja awe msailiwa, na waliobaki wachunguze kiimbo, zamu za kusema, urefu wa majibu na matumizi ya nafsi. Dakika kumi za zoezi hilo hufunza pragmatiki kuliko kurasa nyingi za maelezo, na humwondolea mwanafunzi hofu ya mara ya kwanza.

Nafasi ya pili ni pale mhadhiri mwenyewe anapoketi katika jopo. Anayejua isimujamii hana udhuru wa kusoma kimya kama ujinga. Badala ya kuagiza "tueleze habari zako" na kusubiri, anaweza kuuliza swali lenye mlango ulio wazi: "Ni kazi gani uliyoifanya mwaka uliopita ambayo hukutaka iishe?" Akipata jibu fupi, aongeze "Ilikuwaje?" badala ya kuandika alama. Maswali ya kufuatiza hayampendelei msailiwa wa Mwambao. Yanamfikisha mahali ambapo wengine, waliofunzwa kujinadi tangu utotoni, wameanzia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba usaili wa kuingia chuoni hupima mambo yanayojulikana: uwezo wa kujieleza, kufikiri kwa sauti, kuitetea hoja, kukiri kosa na kuuliza. Yameonyesha pia kwamba kijana wa Mombasa mara nyingi huwa na stadi hizo zote, ila malezi yake humwambia kwamba mbele ya meza ile si mahali pake pa kuzitumia. Dawa yake ni mazoezi, vitenzi badala ya vivumishi, taarifa badala ya malalamiko, na ufahamu kwamba amealikwa kuhojiana.

Jioni, binti wa Likoni atateremka tena Feri arudi kwao. Katika umati wa kivukoni atakutana na mtu atakayemwuliza, "Je, ilikuwaje huko?" Atamweleza yote, kwa ufasaha, tangu alipoingia hadi alipotoka, kabla chombo hakijagusa ng'ambo ya pili. Kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba usemi huo wa jioni unasikika pia asubuhi, mbele ya wale wenye kalamu na fomu ya udahili.